Paneli za milango za Peugeot 504: kabla hujanunua reksini, angalia nailoni

GiaYaUsukani (#1)

Wakuu, kwema?

Walionifuata PM kuulizia mambo ya ndani ya 504 yangu, majibu yote nayamwaga hapa nisije nikarudia wimbo uleule kwa kila mmoja. Gari ni saluni ya miaka ya sabini, ipo Dar, inalala nje. Injini na bodi tuviache. Mada ni vile vipande ambavyo ukivitaja dukani muuzaji anaita wenzake waje wakusikilize: paneli za milango, ngozi ya juu ya dashibodi, vifuniko vya nguzo za vioo.

Kwa vijana: 504 ilitoka mwaka 1968, umbo lake likachorwa na Pininfarina, na 1969 ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu haikuhitaji tuzo ya mtu. Safari Rally ya 1975 Ove Andersson aliishinda nayo, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akarudia kwa ile kupe (504 ya milango miwili) ya V6. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni yake 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuziunganisha miaka mingi baadaye. Ndiyo maana vipuri vya injini na miguu ukizunguka utavipata. Vya ndani hakuna aliyevitunza. Shokapu ikifa mtu alinunua shokapu. Paneli ikioza alipigilia misumari akaendelea na safari.

Sasa kauli yangu, na najua mafundi wa viti watanikalia kooni: paneli ya mlango haiuawi na jua wala magoti ya abiria. Inauawa na maji yanayopita ndani ya mlango.

Raba ya nje ya kioo haizibi mvua yote, na haikuundwa kuziba yote. Maji yanateremka na kioo hadi ndani ya mlango, yanatokea kwenye matundu ya chini. Magari karibu yote yako hivyo, hata hizi za juzi. Kinachokinga paneli ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati, kati ya mlango na paneli (magari mengine ya zamani waliweka karatasi yenye lami). Fundi akija kutengeneza mashine ya kioo anaichana, anaitupa, anarudisha paneli kavukavu. Masika mbili baadaye bodi imevimba kwa chini, klipu zimeng'oka na kipande cha bodi, reksini imejikunja. Mwenye gari anaona reksini ndiyo mbaya, anaenda kubadilisha reksini.

Kwa hiyo kazi yangu inaanzia ambapo wengine hawaangalii.

NAILONI. Chukua ile nzito inayotandikwa chini ya zege, geji 1000, maduka ya vifaa vya ujenzi wanakata kwa mita. Toboa sehemu ya kitasa na ya mkono wa kupandishia kioo tu. Ibandike kwenye bati kwa ule utepe mweusi wa byutaili unaonata kama ulimbo. Silikoni inayonuka siki usiiguse: inapokauka inatoa asidi, na asidi inakula bati. Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: ukingo wa chini wa nailoni haubandikwi juu ya bati. Unaingizwa NDANI ya mlango kupitia uwazi wa bati, ili maji yakiteremka juu ya nailoni yarudi ndani yakatoke kwenye matundu yake. Ukiubandika kwa nje umejenga mfereji unaomwagia paneli. Na matundu yenyewe yazibue kwa waya kabla ya yote, mara nyingi yamejaa tope la miaka.

BODI. Kiwandani walitumia hadibodi ya kama milimita 3. Mimi natumia plaiwudi ya unene huohuo. Tahadhari: ukiomba "marini bodi" utaletewa lile libao la kahawia la kumiminia zege, milimita 18. Silo. Omba plaiwudi nyembamba yenye gundi isiyoogopa maji, na usimwamini muuzaji kwa mdomo. Omba kipande, kachemshe kwenye sufuria ya zamani. Tabaka zikiachana, rudi kamwambie ulichokiona. Zikishikamana, nunua.

Ukishakata, paka vanishi pande ZOTE mbili, kingo zote, na ndani ya kila tundu. Ukipaka upande mmoja tu, upande mwingine utakunywa unyevu peke yake na bodi itajikunja. Kingo ndizo zinazokunywa zaidi, zipe mikono mitatu.

KUPIMA. Paneli ya zamani hata ikiwa imebaki mabaki usiitupe, ndiyo ramani yako. Ikiwa haipo kabisa, chukua boksi la friji. Anza na tundu la mkono wa kioo, kwa sababu lile halihami, kila kitu kipime kutokea hapo. Kupata mahali pa klipu: paka rangi ya mdomo kuzunguka matundu ya bati (ya mama watoto, kwa ruhusa), bandika boksi, gongagonga kwa kiganja. Alama zinahamia zenyewe. Na usikate paneli ya kushoto kwa kugeuza ya kulia. Gari la umri huu limeshagongwa na kunyooshwa, milango haifanani tena. Pima kila mmoja.

REKSINI NA SPONJI. Sponji nyembamba, milimita 3 hadi 5, iliyobandikwa kitambaa nyuma. Reksini igeuze uone mgongo wake: wenye kitambaa cha kufuma kama fulana unavutika pande zote, huo ni wa sehemu zenye mviringo; wenye kitambaa kilichonyooka kama shuka ni wa sehemu bapa. Duka litakuambia zote ni sawa. Si sawa.

GUNDI. Hapa ndipo Dar inapotofautiana na mafunzo ya YouTube. Gundi ya kontakti inapakwa pande zote mbili, unasubiri dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kikigusa kisinate, ndipo unakutanisha. Lakini kimiminika chake kinaporuka kinapoza uso wa kitu, na hewa yetu imejaa maji. Umande unatua juu ya gundi. Unaona ukungu mweupe. Ukibandika juu ya ule ukungu, utashika leo na kuachia baadaye. Mimi sibandiki asubuhi mapema, sibandiki jioni, na siku ya mawingu mazito nafanya kazi nyingine. Saa sita mchana kivulini, ndiyo saa yake.

Anza katikati ya paneli, sukuma hewa kuelekea kingo. Kingo ziache sentimita 3, kunja nyuma, kwenye pembe kata vipembe vya V. Stepla sahau: bodi ya milimita 3, pini inatokeza upande wa pili.

Dashibodi nitaileta baadaye. Maswali ruksa.

KondaWaZamani (#2)

Nimewahi siti ya mbele. Ila mkuu, uzi bila picha ni porojo.

GiaYaUsukani (#3)

Picha zinakuja, mtandao wa huku unasuasua.

MchoraMabango (#4)

Mkuu heshima kwako. Kwa nini ujitese na plaiwudi na vanishi wakati kuna zile bodi za PVC tunazotumia kwenye mabango? Milimita 3, haziogopi maji hata uziloweke mwaka, zinakatwa kwa kisu. Nina mabaki kibao ofisini.

GiaYaUsukani (#5)

Mkuu kwa maji uko sahihi kabisa. Adui wake ni joto. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, na hata kabla ya hapo ikiwa imebanwa na klipu inaanza kulegea. Mlango hauchemki kama dashibodi, kwa hiyo gari linalolala gereji linaweza kuishi nayo. Langu linashinda juani. Ukitaka plastiki, tafuta shiti ya ABS, ile inavumilia mpaka karibu nyuzi 100. Ila mabaki yako usiyatupe, kwa violezo hakuna kama hayo. Boksi linalegea ukilipima mara nyingi, PVC inabaki na kona zake.

FundiMakochi (#6)

Nimesoma yote. Niko Keko, nafanya makochi na viti vya magari tangu wengine hapa hamjazaliwa. Mleta uzi anasema vizuri lakini anatuonea. Mteja anakuja na gari saa nne asubuhi, analitaka saa kumi, na ameshapiga hesabu ya pesa kichwani kabla hajafika. Nikimwambia nailoni, utepe, vanishi mikono mitatu ikauke, anahamia kwa jirani. Nani mwenye kosa?

Halafu hadibodi mnaitukana bure. Hizo gari zilitoka kiwandani na hadibodi, na nyingine nimezifungua juzi bodi ya kiwandani ingali nzima.

GiaYaUsukani (#7)

Fundi, shikamoo. Hilo la mteja silipingi, na ndiyo maana nasema kazi hii ni ya kufanya nyumbani: muda wako hauna bei, wa fundi unao.

Kuhusu hadibodi, hizo ulizokuta nzima, nailoni yake ilikuwepo au haikuwepo?

FundiMakochi (#8)

Marahaba. Ilikuwepo. Umenibana hapo.

Lakini naongeza moja kwa ajili ya vijana: plaiwudi ya milimita 3 haipindi kirahisi kwa upande mmoja, inapinda kwa upande mwingine. Kabla hujakata, ishike mkononi uone nyuzi za uso zimelala wapi. Kama mlango wako una tumbo, nyuzi zilale kwa urefu wa gari, bodi itafuata tumbo yenyewe. Ukikosea utakuwa unapigana na klipu maisha yako yote.

GiaYaUsukani (#9)

Hii nondo, mafundi wa mtandaoni hawaisemi. Asante mzee.

MwanaKibokoni (#10)

Assalaam alaykum nyote. Mie ni mshonaji, niko Mombasa, na 504 hapa kwetu tumezipanda sana, zile ndefu za siti safu tatu za kwenda bara.

Kaka mleta uzi hujagusa kushona. Ile mistari iliyosimama kwenye paneli za zamani, wengi wadhani ni uzi. Tazama kwa karibu: magari mengi ya miaka hiyo mistari haikushonwa, ilichomwa kwa mashine ya umeme wa masafa ya juu, reksini ikaungana na tabaka la chini, kisha wakachora alama za uzi wa uongo juu yake. Mashine hiyo nyumbani huna. Kwa hivyo utashona, na ukishona utatoboa.

Cherehani ya nyumbani yaweza, mradi usishone zaidi ya tabaka mbili na sponji nyembamba. Sindano namba 16 au 18. Mshono uwe mrefu, milimita 4 mpaka 5. Watu wa nguo wamezoea mshono mfupi wakidhani ndio imara. Kwenye reksini mshono mfupi ni kama kuichana kwa matundu, siku ikivutwa yakatika mstari mzima. Uzi uwe wa polista, wa pamba waoza. Mguu wa cherehani ukikwama juu ya reksini, nyunyiza poda kidogo, au tandika karatasi nyembamba ushone juu yake, kisha uichane.

Na usirudishe nyuma cherehani kufunga mshono. Acha nyuzi ndefu, zivute nyuma, uzifunge kwa mkono.

GiaYaUsukani (#11)

Wa alaykum salaam dada. Mimi kushona nilimpelekea mtu, kwa hiyo sehemu hii ni yako rasmi. Je, ile mistari ya kuchomwa unaipataje ikiwa mtu anataka ifanane na ya kiwandani?

MwanaKibokoni (#12)

Shona reksini na sponji peke yake kabla ya kubandika kwenye bodi, uzi rangi moja na reksini, mkazo wa uzi wa juu uongeze kidogo ili mstari uzame. Mtu akiwa amesimama nje ya gari hatambui. Akiinama na miwani atatambua, huyo muache.

Kijana_Printa (#13)

Wakuu mnateseka. Mimi nina printa ya 3D hapa Arusha, vifuniko vya nguzo, vitufe, fremu za spika, vyote naviprinti. Mniletee cha zamani nikiskani.

FaibaZiwani (#14)

Dogo unaprinti na plastiki gani?

Kijana_Printa (#15)

PLA, ndiyo inayopatikana kirahisi.

FaibaZiwani (#16)

PLA inatengenezwa kwa wanga wa mahindi na vitu kama hivyo, na inalainika kwenye nyuzi 60. Weka kifuniko chako juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo saa nane mchana, jioni ukifuate kikiwa kimelala. Tumia ASA, inavumilia karibu nyuzi 100 na haipauki haraka na jua. PETG iko katikati, labda kwa vitu vya chini karibu na miguu. PLA itumie kutengenezea umbo la mfano tu, halafu juu yake tandika faiba.

Mimi natengeneza boti za faiba Mwanza, kwa hiyo niseme kidogo kwa wanaotaka vifuniko vya nguzo au boksi la katikati ya siti.

Umbo la mfano lipige msasa mpaka lilainike, paka nta mikono kadhaa na kusugua, vinginevyo faiba haitoki. Resini ya polyester hadina yake (dawa ya kuigandisha) ni asilimia 1 hadi 2. Kwa joto letu kaa kwenye 1, yaani kama gramu 10 kwa kilo. Ukimwaga kwa macho itagandia kwenye kopo na kopo litatoa moshi. Usitumie resini hii juu ya yale maboksi meupe ya kufungashia TV, inayayeyusha. Tumia sponji ngumu ya polyurethane, ile ya manjano.

Na jambo la kufa na kupona. Hadina ile ikiruka jichoni inaweza kukupofusha. Miwani ya kazi uvae KABLA ya kufungua chupa. Kama resini yako inahitaji kobalti (kiharakishi) kwanza, usichanganye kobalti na hadina moja kwa moja, zinalipuka. Kobalti ndani ya resini, koroga, ndipo hadina. Barakoa ya kitambaa haizuii ile harufu, tafuta yenye vichujio vya kemikali, na fanyia nje.

Kijana_Printa (#17)

Nimeelewa kaka. ASA naagiza.

TajiriWaIST (#18)

Watu wazima mnachemsha mbao na kuomba rangi ya mdomo kwa wake zenu. Nunueni Toyota IST mlale.

KondaWaZamani (#19)

IST yako ikifika miaka 50 tutakufungulia uzi.

GiaYaUsukani (#20)

Dashibodi, kama nilivyoahidi.

Ngozi ya juu ya dashibodi za enzi hizo ni PVC juu ya sponji. PVC yenyewe ni ngumu. Inalainishwa kwa mafuta maalum, na mafuta hayo yanahama taratibu kila siku gari linapochemka. Ule utando unaoufuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake ni hayo mafuta. Yakiisha ngozi inasinyaa, na kwa kuwa imeshikwa kingoni, inapasukia katikati na karibu na spika. Kwa hiyo ukiziba ufa tu, ngozi inaendelea kusinyaa, ufa unafunguka pembeni.

Mafuta ya kung'arisha yale ya kwenye taa za barabarani wanayouza vijana yanapendezesha tu, na ukija kubandika kitu juu yake hakishiki. Kama dashibodi yako imeshapakwa, ioshe kwa sabuni, halafu spiriti, mara kadhaa.

Njia yangu: ule ufa nachonga V kwa kisu mpaka nifike sponji, najaza gundi ya polyurethane inayobaki na mnyumbuko (puti ya bodi ni ngumu, itapasuka), msasa 120 kisha 240, halafu dashibodi yote inavikwa reksini ya mgongo wa fulana. Siyo ya kupaka rangi. Gundi ya viatu ya kawaida hapa haifai, dashibodi juani inapita nyuzi 70 na yenyewe inalegea; omba ya kuvumilia joto, mafundi wa dari za magari wanaijua. Na chagua reksini isiyong'aa, rangi ya kufifia, la sivyo utaendesha ukitazama kivuli cha dashibodi kwenye kioo.

Dari ni habari nyingine, ila neno moja: ile unga ya manjano inayokuangukia kichwani ni sponji iliyooza. Ikwangue yote kwa brashi mpaka uone ubao au bati. Kubandika juu yake ni kubandika juu ya vumbi.

PanyaWaMbao (#21)

Mkuu, mimi nataka kuweka ukanda wa mbao kwenye dashibodi na juu ya paneli. Nina kipande cha mpingo cha urithi. Utafaa?

FundiMakochi (#22)

Mpingo achia wachonga vinyago na wapiga zumari. Ni mzito, unavunja vifaa, na kipande chembamba chenye mviringo utakipata wapi? Chukua mninga. Mninga ukishakauka vizuri hauchezi, hautanuki wala kusinyaa kama mbao nyingine, na gari ni mahali pa joto na unyevu kila siku. Vinia yake (tabaka jembamba la mbao) ya chini ya milimita moja ibandike juu ya plaiwudi. Vanishi iwe ya nje, yenye kinga ya jua, siyo ya makabati. Mninga usiokingwa unapauka.

504 ya kawaida haikuja na mbao lakini, jua hilo.

Ngong_Rd (#23)

Hapo ndipo naingia. Sisi Nairobi tuna Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, na majaji huangalia hadi kiatu cha pedali. Mtu akileta 504 na mbao ya mninga, pointi zinaenda. Kwa hivyo kabla mtu hajatengeneza chochote ajiulize gari ni la maonyesho ama la kupanda kila siku. Na la maonyesho, zile paneli za zamani hata zikioza ziweke store, ni ushahidi wa rangi na mistari ilivyokuwa.

GiaYaUsukani (#24)

Kweli kabisa ndugu. Langu ni la sokoni na kazini, majaji wake ni wauza mchicha.

Rangi ya asili kama unaitafuta, usiangalie uso wa paneli, umeshapauka. Fungua ule ukingo uliokunjwa nyuma ya bodi. Jua halijawahi kufika pale.

PanyaWaMbao (#25)

Mninga basi. Fundi wa Keko nakufuata PM.

GiaYaUsukani (#26)

Na mimi nina shida yangu. Natafuta mkono wa kupandishia kioo wa mlango wa nyuma kushoto, wa asili, na klipu za paneli zisizokuwa za plastiki laini. Mwenye 504 iliyokufa uani anicheki. Sihitaji gari zima, mama watoto ameshasema.